Ile Hadithi ya Chai

Jumatatu, 1 Septemba

Malori kumi na mawili leo. Yote yameingia godauni kwa mkono wangu na hakuna hata moja lililogusa nguzo. Rudi, rudi, kata kulia, simama. Madereva wa siku hizi wana vioo vikubwa, wana kamera, na bado bila mimi, Kapteni, hawaingii. Mimi nimefikisha trela Lubumbashi. Nimepita Juba barabara ikiwa uji. Leo napunga mikono langoni hapa mtaa wa Baba Dogo. Sawa tu. Usukani sijaushika tangu mwenzangu Juma afariki, mwaka wa pili huu.

Nyumba kimya. Kamba ya nguo ya uani ilikatika mwezi jana, wiki ile ile aliyoondoka mke wangu Zaituni, na mimi bingwa wa kufunga mizigo sijaweka nyingine. Nianike nini? Mashati mawili. Leso zake ndizo zilizojaza ule uani. Ukitoka kazini unaziona tangu kule kwenye kona, unajua mwenyewe yupo.

Nina hamu naye. Nimeandika, basi.

Alhamisi, 4 Septemba

Kliniki, mara ya tatu. Nafula ni umri wa binti yangu Asha. Anavaa raba. Si daktari, ni mshauri, ameniambia mara tano. Bado namwita daktari. Mtu wa rika langu hawezi kusema anashauriwa na mtoto.

Nilienda kwa sababu ya Agosti. Nilikuwa nimelala kwenye kochi baada ya chakula cha mchana. Zaituni akaleta chai, akanishika mkono kuniamsha. Sikuamka kama mtu. Nilirusha mkono, akaangukia kona ya meza. Nyuzi tatu juu ya jicho. Miaka ishirini na sita ya ndoa sijawahi kumpandishia hata sauti. Hakupiga kelele. Alikunja nguo zake, akaenda kwa dada yake Mwanahawa kule mtaa wa Fedha. Alisema hana hasira, anaogopa. Nitibiwe kwanza. Bora angekasirika. Hasira ningeichekesha mpaka iishe.

Leo Nafula akataka nimweleze ajali. Nikampa ile ya chai.

Ile ya chai naiweza. Juma ni mdogo wake Zaituni, shemeji yangu, tumeendesha trela moja kwa zamu miaka tisa. Likapinduka kwenye mteremko wa Bonde la Ufa. Mimi nje bila mkwaruzo, yeye amebanwa ndani. Nachungulia dirishani, naye kwa ile sauti yake ya kukwaruza ananiambia, "Kapteni, usinisimamie kama trafiki. Nenda katafute chai, mimi nalinda mzigo." Akafumba macho, na tabasamu juu. Nilianza kuisimulia kwenye arobaini yake, watu wakacheka machozi yakiwatoka. Tangu hapo naombwa. Kwenye harusi, kwenye kibanda cha chai, hadi shehe mmoja aliniomba. Najua pa kunyamaza na pa kukohoa.

Nafula alicheka pia. Halafu akauliza, "Mzee, mbona mkono wa kulia umeukunja chini ya meza muda wote?"

Nikaangalia. Ngumi. Kucha zimeacha alama kwenye kiganja.

Akanipa dawa ambayo sijaisikia nchi saba nilizozunguka. Nisiisimulie ile hadithi kwa mtu yeyote, mwezi mzima. Nifunge. Hili daftari alilonipa niendelee nalo, hatalisoma. Afadhali. Mwandiko wangu uliishia kidato cha pili.

Jumapili, 7 Septemba

Fedha, ghorofa ya nne. Mwanahawa alifungua mlango akaniangalia kuanzia viatu. "Shemeji umepona, ama umekuja kula?" Nikamwambia yote mawili yanaendelea.

Zaituni alikaa kochi la mbali. Kovu linafifia. Nilimpa ujumbe wa Nafula: akinikuta nimelala asiniguse, asimame mlangoni aniite kwa jina langu, polepole, mpaka nifumbue macho. Alisikiliza kama mtu anayeelekezwa njia ya mtaa asioujua. Akaniwekea chai. Vidole vyetu havikugusana kwenye kikombe. Alihakikisha.

Nimerudi na pilau kwenye kopo. Nimeila baridi, nimesimama.

Jumanne, 9 Septemba

Nimesikia kuna tiba ya macho. Unafuata kidole kinachokwenda huku na huku ukiwaza lile baya, na lile baya linapungua makali. Nikasema hiyo ni rahisi, ya nini kupanga foleni. Nikamkalisha Ochi, yule wa mkokoteni, pale kibandani, nikamwambia apunge kidole. Ochi ana kidole kama ndizi. Akapunga huku anaongea na mwenye kibanda habari za mpira. Dakika tatu nikaona harufu ya dizeli. Sijakosea kuandika. Niliiona. Jasho likanitoka, nikang'ang'ania benchi. Ochi akadhani nimepandwa na mashetani, akanimwagia chai.

Halafu akasema, "Kapteni, tulia, toa ile ya Juma tuchangamke." Nikamwambia nimefunga. Akaniuliza mwezi gani huu.

Alhamisi, 11 Septemba

Nafula hakucheka ya Ochi. Alisema tiba ya macho ipo kweli, ila inafanywa na mtu aliyesomea, anayejua kukurudisha ukipelekwa mbali. Huwezi kufungua injini barabarani kisha ukaenda kunywa soda. Mfano huo ni wangu, lakini aliukubali.

Nikamwambia anitajie matibabu yote nichague mwenyewe. Dereva hapelekwi gereji, anaichagua.

Kuna ya mawazo. Unaandika wazo linalokutesa, unalisimamisha kama askari wa barabarani: leseni iko wapi, umetoka wapi, mzigo huu ni wa nani. Mengine unakuta hayana hata namba. Kuna ya mwili. Pumzi, nyayo sakafuni, kutaja vitu vitano unavyoviona, ili mwili nao upate habari kwamba ajali imekwisha. Kichwa changu kinajua zamani. Mkono haujaambiwa. Kuna ya kikundi. Kuna hiyo ya macho. Na kuna ya kamba: unatandaza kamba sakafuni, ndiyo maisha yako tangu kuzaliwa, unaweka ua kwa kila jema na jiwe kwa kila baya, unasimulia kwa mpangilio mpaka jiwe kubwa lipate mahali pake likae hapo.

Nikauliza ipi inaponya haraka. Akasema ya haraka hamna, na inayomfaa huyu inaweza isimfae yule. Jibu la fundi mwaminifu. Sikulipenda.

Tutaanza na ya mwili, halafu kamba. Kamba yake niliiona. Ya kufungia maboksi. Nikamwambia hiyo haitoshi hata utoto wangu wa mtaani Ziwani. Nitaleta yangu.

Jumamosi, 13 Septemba

Kikundi. Nimekijaribu nacho, pale kliniki. Watu saba kwenye duara, viti vya plastiki. Nilifanya wacheke wote, hata mama mmoja ambaye nyumba yake iliungua hajacheka tangu mwaka jana. Nikajiona mfalme. Wakati natoka yule mama akaniambia, bila ubaya, "Baba, umetuhudumia vizuri. Wewe mwenyewe umekula nini?"

Nimefanya pumzi nyumbani. Vitu vitano: kochi, redio, dirisha, meza ile, kona ya meza ile. Nimeigeuza meza, kona ielekee ukutani.

Jumapili, 21 Septemba

Nimevunja mfungo.

Mwanahawa alikuwa na wageni, wakwe zake. Chakula kimeisha, watu wamelegea. Zaituni mwenyewe, kutoka kochi la mbali, akasema, "Baba Asha, wasimulie ile ya chai." Nikajifanya sikusikia. Akasema tena, na safari hii akatabasamu. Mwezi mzima sijapata tabasamu. Ningefanya nini?

Niliitoa yote. Nilikohoa pale pa kukohoa. Wageni walicheka, na Zaituni alicheka kile kicheko chake cha kujifunika mdomo na leso, mabega yanaruka. Akawaambia wageni, "Huyo ndiye Juma wangu. Hata kifo alikitania." Alihama kochi. Akakaa karibu nami, shubiri mbili. Nilisikia harufu ya udi kwenye nguo zake.

Nimerudi nyumbani nikiimba. Halafu nikashindwa kufungua kufuli. Ngumi imekataa kufunguka. Nimetumia mkono wa kushoto.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimegonga lori. Yaani si mimi, lakini ni mimi. Dereva alikuwa anarudi nyuma, ananiangalia kwenye kioo, nikainua mkono wa kusema simama na mkono haukufunguka. Ngumi hewani. Kwake ngumi ni twende. Akaja. Nguzo imepinda, taa ya nyuma imekuwa unga. Hakuna aliyeumia. Mita moja upande wa pili alikuwa amesimama Ochi na mkokoteni.

Msimamizi amenipa wiki ya kukaa nyumbani. Alisema kwa heshima, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Nimeogopa. Hapa hakuna utani.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimebeba kamba yangu ya trela begani hadi kliniki. Manila nene, ya bluu, imefunga mizigo mpaka Kigali. Nafula akafungua mlango ili mwisho wake utokee nje kwenye baraza. Tukachuma maua ya ukuta. Tukaokota kokoto.

Ziwani, kuzaliwa: ua. Baba yangu wa reli na kofia yake: ua. Kuacha shule: ua, maana nilipanda lori la kwanza. Zaituni: maua matatu. Asha: mawili. Nafula akasema, "Mzee, utaacha ukuta uchi." Nikafika kwa Juma. Nikachagua kokoto dogo kuliko yote, kama punje ya dengu. Nafula akaliangalia. Akangoja. Huyu mtoto anajua kungoja kuliko polisi wa mpakani.

Mwishowe nikatoka nje. Kuna tofali linalozuia lango lisijifunge. Nikalileta. Nikaliweka.

Nikasema. Naandika hapa vile nilivyosema.

Juma hakusema lolote kuhusu chai. Zamu ilikuwa yangu. Nilimwambia nina usingizi, shika wewe kidogo. Nilikuwa kitanda cha nyuma, nikaamkia majanini. Yeye amebanwa miguu. Alitoa mkono dirishani nikaushika kwa huu wa kulia. Alisema, "Usiniachilie, Kapteni." Hilo tu, mara nyingi. Dizeli ilikuwa inamwagika. Mtu akapiga kelele, moto. Nikaachilia. Nikavuka barabara, nikasimama upande wa pili nikingoja lori liwake.

Halikuwaka. Mpaka leo halijawaka. Tulipothubutu kusogea, Juma alikuwa ameshakwenda. Mkono ulikuwa bado nje ya dirisha.

Nafula alikuwa ananiuliza vitu vidogo vidogo. Majani yalikuwa makavu? Jua lilikuwa upande gani? Na sasa uko wapi? Baba Dogo. Miguu iko wapi? Sakafuni. Kuna dizeli? Hamna. Nililia kama mtu anayetapika. Nilipomaliza mkono ulikuwa umefunguka juu ya goti. Sijui umefunguka saa ngapi.

Nikamuuliza, Zaituni lazima ajue? Akasema tiba haidai hivyo. Hilo ni langu na la Zaituni, na nisiliamue leo.

Alhamisi, 2 Oktoba

Kamba tena. Safari hii Nafula amenisomea alichoandika, maneno yangu mwenyewe, tangu Ziwani mpaka tofali. Nikarekebisha mawili matatu. Iliuma, ila iliuma kama kitu cha zamani. Nimerudi kazini. Malori tisa. Mkono safi.

Nafikiria jambo moja tu. Naweza kupona kimya kimya. Zaituni atarudi, na kila wageni wakija ataniomba ile ya chai, nami nitakunja ngumi chini ya meza mpaka nife. Au nimwambie, halafu asirudi. Ile hadithi ndiyo mahali anapokwenda kumwona ndugu yake. Mimi ndiye niliyeijenga. Nikiibomoa atakwenda wapi?

Nina hamu naye mpaka mbavu zinauma. Nataka arudi kwangu, si kwa yule fundi wa hadithi.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimemwambia.

Alikuwa kwenye baraza ya juu, anabambua njegere. Akasema, "Nichekeshe, wiki imekuwa ndefu." Nikamwambia ile ya chai niliitunga mimi. Nikamwambia zamu ilikuwa ya nani. Nikamwambia mkono, dizeli, barabara. Hakuacha kubambua. Nilisikia kila njegere inavyodondoka kwenye sufuria. Nilipomaliza akaendelea mpaka ganda la mwisho, akakusanya maganda, akasema, "Nenda nyumbani, Baba Asha."

Mwanahawa alinisindikiza mpaka ngazi bila neno la kejeli. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumanne, 7 Oktoba

Hakuna simu. Mkono bado umetulia. Nimelala mchana kwenye kochi na nikaamka kama mtu. Hakuna wa kushuhudia.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nilimwambia Nafula dawa yake imenipa mkono na kuninyang'anya mke. Hakujitetea. Akauliza, ule mkono wa Juma niliushika kwa muda gani kabla ya harufu. Sijui. Mrefu. Wimbo mmoja wa redio uliisha, redio ya lori ilikuwa bado inaimba, ukaanza mwingine. Akauliza, huo muda wa kuushika ni ua au ni jiwe.

Nikaweka vyote viwili, pamoja, kando ya tofali.

Kamba amenirudishia. Niliifunga mzunguko wa dereva, nikaitia begani. Njiani Ochi aliuliza naenda kufunga nini. Nikamwambia sina mzigo. Akanikodolea macho. Akasema basi njoo unywe chai, na hakuomba hadithi.

Jumapili, 12 Oktoba

Zaituni amekuja. Peke yake, mkoba mdogo tu, saa tano asubuhi. Nilikuwa nafagia.

Alikaa, akauliza ni mkono gani. Nikanyoosha wa kulia. Akauangalia upande huu na upande ule kama anayetafuta mwiba, kisha akaushika. Tukakaa hivyo. Akauliza, "Alitaja jina langu?"

Jibu zuri lilikuja mdomoni limeshapigwa pasi. Ningeweza kumpa. Angelibeba maisha yake yote.

Nikasema, "Hapana, Mama Asha. Alisema nisimwachilie. Basi."

Alilia. Hakuachia mkono. Baadaye akasema lile tabasamu la kwenye hadithi hakuwahi kumwona nalo Juma akiwa na maumivu. Juma akiumwa alikuwa mtu wa kulalamika, hata jino. Tukacheka kidogo, juu ya Juma yule wa kweli.

Akatoka uani, akaona nguzo mbili hazina kitu. "Hata kamba, Baba Asha?" Nikaleta ile ya bluu. Nikaivuta kutoka nguzo hadi nguzo, fundo la trela, haitalegea hata ukining'iniza ng'ombe. Akafua pazia, akafua mashati yangu, akafua na leso aliyokuja nayo, akabaki na buibui.

Nikapitiwa na usingizi kwenye kochi. Nilisikia jina langu kutoka mbali. Si Kapteni. Si Baba Asha. Rajabu. Mara ya tatu nikafumbua macho. Alikuwa amesimama mlangoni, kikombe mkononi. Mikono yangu ilikuwa mapajani, imefunguka.

Alasiri akasema anarudi Fedha kabla ya magharibi. Sikumbembeleza. Nilimwambia leso yake haijakauka. Akaigusa, akasema kweli, ataifuata.

Hakusema siku gani. Nimekaa dirishani naiangalia leso. Kuna upepo kidogo.